Sisimizi Waliopima Maziwa ya Mama

Sogeeni hapa kwa Akinyi, na mnyamaze kidogo. Mtoto wake ana siku mbili tu na bado anajifunza kunyonya.

Nilipokuwa mtoto kule Asembo, mama alikuwa amezika watoto wawili wachanga. Alipojifungua ndugu yangu Odhiambo, Dani, yaani mama yake baba, alisema maziwa yapimwe kwanza. Kwetu waliamini mwanamke akitoka nje ya ndoa maziwa yake huharibika, na maziwa mabaya huua sisimizi.

"Nyar Alego, kamua hapa," Dani akasema. Ndivyo alivyomwita mama, yaani binti wa Alego, kwa kuwa aliolewa kutoka huko.

Sisimizi niliwaleta mimi, ndani ya mkebe. Mama akawakamulia matone ya kwanza, yale ya manjano. Wakajikunja, wakafa wote.

Baba akachukua kasia nyuma ya mlango. "Uliharibu maziwa na nani? Sema jina!"

"Sina jina, Baba Atieno," mama akasema, akimwita kwa jina langu. "Niue, lakini huyu atanyonya."

Akampiga mgongoni, akampiga begani. Mama akamweka Odhiambo kwenye titi, akamfunika kwa mwili wake. Kasia likashuka tena, mkono wa mama ukavunjika kwa mlio kama wa muwa. Mtoto hakuachilia.

Hapo ndipo nilipopiga kelele: "Ni mkebe wa mafuta ya taa! Sikuuosha!"

Baba akanipiga teke, jino likaruka. Dani akauokota mkebe, akaunusa. Kisha akamrukia mwanawe, akamrarua shavu kwa kucha. "Toka! Utaniulia mjukuu!"

Msamaha hakuomba, Dani. Lakini majuma sita alikaa nyuma ya mama, akimwegemeza kifuani, akimshikia mtoto. "Tumbo lake liguse lako. Ngoja afungue mdomo wote, usimpe ncha tu. Na hayo ya manjano usimwage, ni yake."

Watu husema nilimwokoa mama. Mimi sasa najua sisimizi huzama kwenye maziwa ya mtu yeyote. Mkebe ungekuwa safi, wangekufa vilevile, nami ningenyamaza, nikaamini pamoja na baba na Dani. Hilo huniuma hata leo.

Odhiambo alirithi boma na mashua ya baba. Mkono wa mama haukunyooka tena. Alizikwa nao hivyo. Mimi nilirithi mahali pa Dani, nyuma ya mgongo wa kila aliyejifungua. Sasa magoti yamekataa, na binti yangu ndiye anayekaa hapo, nyumba kwa nyumba, huku Nyamasaria.