Mkokoteni wa Muuza Maji

Asubuhi hii wanamwaga lami nje ya nyumba yangu, na harufu yake imenirudisha Mjambere, siku mama aliposhikwa na uchungu wa kuzaa.

Mvua ilikuwa imeikata barabara yetu. Kila mwaka diwani alituambia fedha za kuitengeneza hazijafika. Dereva wa teksi alikataa kuingia, basi jirani yetu muuza maji akateremsha mitungi yake mkokotenini, akatandika godoro.

“Nawe sukuma, mwanangu,” baba akaniambia.

Matope yalinifika magotini. Tulipokwama, mama alilia, kisha akacheka. “Taratibu jamani, mtanizalisha njiani!”

Tulifika zahanati salama. Mkunga akaninawisha matope, akanipakatisha mdogo wangu hata kabla ya baba.