Pezi Lililobaki Kirua

Mimi ni fundi cherehani wa Pasua, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nashonea ndege. Majirani walicheka mpaka basi. "Haya, gauni la ndege limefika wapi leo?" Niliwajibu kwamba ndege ni mteja mwema kuliko wao, ukiipima inatulia.

Yenyewe ilikuwa ya viti viwili, mifupa ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa, mojawapo ya zile zilizokuwa zikinyunyizia dawa mashamba ya kahawa. Baba yangu, fundi mstaafu wa ndege, aliikuta imetelekezwa nyuma ya ghala, akaikokota hadi kwenye karakana yake Njoro. Alisugua kutu, mimi nikavika mbawa kitambaa kipya, yeye akakikaza kwa rangi yenye harufu ya kuua mende. Ikabaki inakosa kitu kimoja: pezi la mkiani, lile linaloigeuza kushoto na kulia.

Pezi lake la asili lilikuwa Kirua Vunjo, kwa baba mkubwa. Zamani ndege hiyo iliwahi kutua vibaya ikavunjika mkia. Baba, kijana wakati huo, akaifungia pezi la kuazima, ambalo baadaye wenyewe walilichukua, na la asili akalipeleka nyumbani alitengeneze taratibu. Halafu yeye na kaka yake wakagombania mpaka wa kihamba, lile shamba la urithi, wakapelekana barazani, wakafika mahali pa kutozikana. Pezi likabaki huko.

"Baba, si utengeneze jipya?" nilimwambia. "Mabomba unayo, kitambaa niachie mimi."

"Jipya litakuwa pezi tu. Lile lina herufi za usajili ndege hii ilizopewa mwanzo. Bila lile, hii siyo ndege ile, ni vyuma nilivyounga."

Basi akaamua kwenda na isale. Kwetu, mtu akija kwako na jani la isale mkononi anaomba msamaha, na humkatalii. Nilichukia, sifichi.

"Isale siyo ya kufuatia vyuma, baba!"

Akaniambia nivae viatu tuondoke.

Tulimkuta baba mkubwa uani akiwakatia ng'ombe majani. Pezi lilikuwa limetundikwa chini ya upenu wa banda, limejaa masizi, lakini herufi zilisomeka. "Lile pale!" baba alipaza sauti tukiwa bado njiani, kidole juu. Yesu na Maria, hata shikamoo hajatoa!

Akaitoa baadaye. Kisha akanyoosha isale kwa mikono miwili. "Kaka, nimekuja kuomba yaishe. Na lile pezi, kama hutajali."

Baba mkubwa alipokea jani. Angefanyaje? Akapanda kigoda, akakata kamba, akalishusha pezi mwenyewe na kulifuta kwa mkono wa shati. "Wa vyuma chakavu wamelitaka sana hili," alisema. "Nikawaambia lina mwenyewe."

Baba akaanza kulikagua, bawaba moja moja, huku akitabasamu peke yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Nilipomzika mke wangu nilikusubiri," baba mkubwa akasema. "Watu wamesimama, jeneza liko pale, padri ananung'unika, mimi nasema ngojeni kidogo, mdogo wangu yuko njiani. Hukuja. Leo umekuja, na isale nimepokea, kwa hiyo yameisha. Chukua chuma chako."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Baba aliliegemeza pezi kwenye mgomba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kaka, shemeji mlimlaza wapi?"

Baba mkubwa akaonyesha njia tuliyoingilia. Kaburi lilikuwa pale pale kando ya njia, lina vigae vyeupe, msalaba na maua mabichi. Baba alikuwa amelipita akikimbilia pezi.