Maganda Arubaini ya Hamdun

Hasira zilizompanda Hamdun asubuhi ile, mtaa mzima wa Firq, huko Oman, ulizisikia. Na alikuwa na haki, wallahi!

Mtu katumikia stoo ya silaha jeshini miaka thelathini. Kastaafu, hana shamba wala duka. Raha yake ni maganda arubaini ya risasi za bunduki za marisau, za kijeshi, shaba tupu. Baruti ilishatolewa na kibali cha polisi anacho. Mengine kayafuata Izki, mengine Sur, kwa askari wenziwe. Kila ganda lina nambari za wino ubavuni na duara la rangi kitakoni, na alama hizo ndizo zinazosema limetengenezwa lini, kwa jeshi gani. Zikifutika, limebaki kopo. Na siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri, Mohannad wa makumbusho alikuwa anakuja kuamua kama yatawekwa kwenye kabati la kioo, na jina la Hamdun chini yake.

Sasa dada yake, Bi Fakhriya, kaja kutoka Ibra kula sikukuu. Kaiona shaba imepiga weusi, na mgeni yuko njiani. Aibu iliyoje! Akafanya kama mama yao alivyokuwa akifanya Unguja kila Idi ikikaribia: akayaroweka maganda kwenye maji ya ukwaju, akayasugua kwa majivu, akayapanga juu ya sinia.

"Nani kakutuma, dada? Nani?" Hamdun alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Umeniua!"

"Nimekuua kwa kukuondoshea uchafu? Hebu nipishe! Mikono imenichubuka, hata ahsante huna!"

Angekuwa mwingine, angemtoa nje. Lakini mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyemlea, akamleta Oman kamshika mkono. Hamdun alizimeza hasira.

Mohannad alifika, akaamkia, akageuza ganda la kwanza, la pili, la kumi. Uso ukamkunjika.

"Nani kayasugua haya, ami?"

Bi Fakhriya alikuwa mlangoni na dele la kahawa, anatabasamu, anangoja kutajwa.

"Mimi," alisema Hamdun.

"Wewe? Mtu wa stoo miaka thelathini?" Mohannad alifunga daftari lake. "Hata kuruta anajua hayaguswi. Alama zote zimekwenda! Samahani, ami, siwezi kuyachukua."

"Basi kunywa kahawa uende zako," Hamdun alisema.

Bi Fakhriya hakumimina. Tabasamu lilimtoka, akalitua dele chini.