Mnusa Makwapa

Msicheke. Wako wanaolishwa na mikono yao, wako wanaolishwa na sauti, na huyu mama alilishwa na pua. Miaka kumi na minne alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha dawa za kwapa, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo unayoifikiria: kunusa makwapa ya watu na kuandika namba. Sufuri, hakuna harufu. Kumi, kimbia. Kiwandani walimwita Bi Pua, naye akalipokea jina, kwa sababu baada ya mumewe kufariki pua hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yao mpaka akaingia chuo cha uuguzi. Kazi mbaya si mchezo mwema.

Wala haikuwa kazi ya kubahatisha. Jasho lenyewe halinuki, aliwaambia waliomcheka. Harufu huletwa na bakteria wanaolila jasho hilo. Ndiyo maana ndani ya dawa hutiwa kiua-bakteria, na swali ni kiasi gani. Kikizidi, ngozi inawasha na kutoka vipele. Kikipungua, mtu anaumbuka saa sita mchana mbele ya wakwe zake. Kiwandani pale swali hilo lilijibiwa na pua mbili: ya Bi Pua, na ya mzee mmoja mstaafu aliyewahi kufundisha shule, ambaye wote walimwita Mwalimu.

Basi yakapita mafua, kiwanda kizima kikapiga chafya. Bi Pua alilala siku tatu, akainuka akijiona mzima. Jioni ya nne alikuwa jikoni anachambua mboga, mara binti yake akaingia mbio.

"Mama! Vitunguu vinaungua na wewe umekaa hapo hapo!"

Akageuka, akaona moshi. Hakusikia harufu yoyote. Akaichukua chupa ya mafuta ya taa akaibandika puani: maji matupu. Siki vivyo hivyo. Sabuni vivyo hivyo.

"Itarudi, mama," binti akasema. "Kwa wengine ni wiki, kwa wengine miezi. Ila kazini uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba pua imekufa? Siku hiyo hiyo watatafuta nyingine!"

Kula alikula, lakini chakula kilipita kama karatasi. Kila asubuhi aliamka, akanusa mto wake, akakaa kitandani akiogopa kwenda kazini.

Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa na jaribio kubwa. Mkemia, binti mdogo kwa umri lakini ndiye mkuu wa maabara, alikuwa amekipunguza kiua-bakteria nusu nzima, kwa kuwa dawa ya zamani ilikuwa inawaunguza watu ngozi. Watu ishirini walikuwa wamepakwa kwa siku saba, kwapa moja dawa mpya, la pili ya zamani, na aliyejua lipi ni lipi ni Mkemia peke yake. Kama nusu inatosha, dawa mpya iende madukani.

Wakakaa wale ishirini kwenye viti, mikono juu. Mwalimu hutangulia, Bi Pua hufuata. Kusemezana ni marufuku. Afanye nini mtu wa watu? Akaziangalia nyusi za Mwalimu. Zikiruka juu, anaandika saba. Zikitulia, mbili. Kalamu ikamteleza vidoleni, na mtu wa tatu akamuuliza, "Mama, mbona unatetemeka? Nanuka hivyo?"

"La, mwanangu. Ni baridi tu."

Kesho yake Mkemia akamfuata mbio na karatasi mkononi.

"Mama, haijapata kutokea! Makwapa arobaini, na hakuna mlipopishana na Mwalimu zaidi ya namba moja! Na kwapa la dawa mpya halikunuka zaidi ya la dawa ya zamani. Nusu inatosha. Jumatatu tunaanza kuitengeneza."

Hapo ndipo Bi Pua alipoogopa kweli. Hata alipokuwa na pua yake timamu walikuwa wakipishana namba mbili, tatu. Nyusi haziwezi kumwambia mtu hii ni saba na hii ni nane. Akamtafuta Mwalimu, akamkuta kwenye ngazi amekaa peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina neno, nisitiri." Akamwambia yote, mpaka habari ya nyusi.

Mzee akaangalia viatu vyake. "Nyusi nilikuwa nazichezesha tu, mwanangu, nionekane niko kazini. Tangu yale mafua sisikii kitu. Namba nilizijaza mwishoni, nikichungulia karatasi yako."

"Mwalimu!"

"Miaka thelathini na moja nimewatoa watoto kwenye mtihani kwa kosa hilo hilo." Akamshika mkono. "Nenda ukaseme yako. Yangu niachie. Mke wangu ni mgonjwa, na kwa umri huu nani ataniajiri?"

Akakubali. Ulitaka afanyeje? Akapiga moyo konde, akagonga kwa Mkemia, akasema huku amesimama kwamba hasikii harufu, na namba zake ni za uongo.

Mkemia akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mafua. Leo siku ya kumi na mbili."

"Afadhali umesema, mama. Nitakushikia nafasi yako mpaka pua irudi, usiogope. Na jaribio halijaharibika, maana tuna karatasi ya Mwalimu. Tutaitumia hiyo."

Neno lililobaki lilikuwa ahsante. Aseme ahsante, kazi anayo, na mzee wa watu anabaki salama. Jumatatu mitambo iwashwe kwa namba ambazo hakuna aliyezinusa. Kupitia kioo cha mlango aliliona bega la Mwalimu, amesimama pale nje anasubiri. Akashika ukingo wa meza.

"Na ya Mwalimu usiitumie," akasema.

"Kwa nini?"

Mlango ukafunguka, Mwalimu akaingia bila kubisha.

"Kwa sababu niliibia kwake," mzee akasema.

Mkemia akawatazama, huyu kisha huyu. "Sasa nani aliyenusa?" Akakaa kitini taratibu, naye rangi imemtoka. "Mkurugenzi nimeshampelekea matokeo. Nimetia sahihi kwa jina langu." Akafunika uso kwa viganja, na sauti ikatoka humo humo: "Makoti yenu ya kazi yaacheni hapa."

Bi Pua akaanza kufungua vifungo. Cha mwisho vidole vilikataa kabisa. Mwalimu akamsogelea akajaribu kumfungulia, lakini vidole vyake navyo vilikataa.