Upande wa Pili wa Santuri

Ngosa alikuwa fundi wa fremu hapa Nchelenge, na kwa miaka mingi fremu zake zilibeba picha za harusi na za watakatifu. Mwaka 1997 baa moja ya Kashikishi ilifungwa, na mwenye baa akamwachia sanduku zima la santuri kuukuu, maana watu walikwisha hamia kwenye kaseti. Mkewe Idah alitaka zitupwe. Ngosa akakataa. Ujanani hakuwa akikosa kipindi cha redio cha Jumamosi kilichotaja wimbo ulioshika namba moja, na miaka ya nyimbo zile aliijua kama anavyojua miaka ya wanawe.

Basi mtu akija na mwaka wa kuzaliwa wa mpendwa wake, Ngosa alitafuta sandukuni santuri iliyoongoza mwaka ule, akaitia nyuma ya kioo, na chini yake akaandika jina kwa rangi ya dhahabu. Watu walizipenda zawadi hizo. Hata wasiojali muziki walisimama mbele ya ukuta zilipotundikwa kusoma majina yao.

Mwaka 1999 akaja Mama Clémentine, mchuuzi wa samaki aliyevuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Lubumbashi, pamoja na mumewe Roger, vita ilipowafukuza. Alileta santuri ndogo iliyofungwa ndani ya kitenge.

"Roger anafikisha miaka makumi tano siku ya Yenga, hii Jumapili," alisema. "Hii alipiga ngoma ndani yake, kule Lubumbashi. Mu mwaka wa sitini na tisa ilikuwa ya kwanza mu redio wiki sita. Lakini ba Ngosa, siku moja akitaka kuisikia, itatoka mu kadre, mu hii fremu yako?"

"Itatoka, mama. Usiogope."

Kwa kawaida Ngosa alizishika santuri kwa vishikizo vya waya. Jumamosi jioni waya ulikuwa umekwisha, duka limefungwa, na santuri ile ndogo ilikuwa ikiteleza kila alipoisimamisha. Akaitazama chupa ya gundi ya mbao. Aliyakumbuka vizuri maneno ya Clémentine. Akajiambia, nani atakayekuja kuitoa? Akapaka gundi upande wa nyuma, akakandamiza, akapiga misumari ya kifuniko cha nyuma.

Jumapili baada ya misa walikaa uani kwa Roger, na Ngosa alikuwa kati ya walioalikwa. Roger alifungua karatasi. Akalisoma jina lake, akacheka, akamshika mkewe mkono. Halafu akainuka haraka.

"Saviour, jirani yetu, iko na mashine ya santuri. Leo mutamusikia mudogo yangu!"

"Mudogo yako gani?" aliuliza Ngosa.

"Guy. Alikufa mu ajali ya lori, sabini na moja. Ile ya mbele banaijua bote, aliimba mukubwa wa bendi. Huku nyuma njo Guy, mara moja tu walimuachia aimbe. Sauti yake haiko fasi ingine, ni mu hii santuri tu."

Ngosa alitaka kusema ngoja. Roger alikwisha ng'oa kifuniko kwa kisu. Aliivuta santuri kidogo, ikakataa. Akavuta tena, ikabanduka na ubao ukachanika nayo. Upande wa nyuma ulikuwa umefunikwa na gundi iliyokauka na nyuzi za mbao.

Walijaribu maji ya moto, walijaribu petroli. Sindano ya mashine ya Saviour ilipougusa upande ule ilitoa mkwaruzo tu. Roger aliinua sindano mwenyewe, polepole, kama anayeogopa kuumiza mtu.

Clémentine hakupaza sauti. "Nilikuuliza, ba Ngosa."

"Nilisahau, mama. Munisamehe."

Roger alisema basi, ni ajali, watu wale chakula. Siku ya pili aliomba santuri irudishwe katika fremu, na Ngosa aliirudisha kwa waya mpya.

Kwa mwaka mzima alitafuta nyingine kama ile. Alikwenda Mwansabombwe kuuliza kwenye baa, akawatuma wachuuzi waulize Kilwa na Kasenga. Wengi waliukumbuka wimbo wa mbele na wakauimba papo hapo. Wa nyuma hakuna aliyewahi kuusikiliza.

Roger na mkewe walipohamia Chienge, Ngosa alishuka ufukweni kuwasaidia kupakia magunia kwenye boti. Alikuwa amemwahidi Idah kwamba atamwambia Roger ukweli: kwamba hakusahau, alikumbuka huku anapaka. Roger alimpa mkono, akamuuliza habari za watoto.

"Hawajambo," alisema Ngosa. "Mufike salama."

Boti ikaondoka. Idah alimkuta bado amesimama pale, akamuuliza kama amesema.

"Watu walikuwa wengi," alijibu.

Walikuwa watatu tu.