Mjomba Hanunuliwi Mnadani

Nimekuwa mkaidi tangu utotoni, na wala sijutii. Nisingekuwa mkaidi nisingeolewa na askari wa keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika, mtu wa Nyasa, ambaye baba yangu karibu mwaka mzima hakumwita jina lolote isipokuwa "yule wa makofi."

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vikubwa vikiendelea huko duniani. Kwetu Mungaa vita vilifika kwa sura ya mahema kando ya barabara, na ndani yake askari wageni wanaongoja amri. Sisi wasichana tuliwapelekea maziwa mgando, tukisindikizwa na shangazi yangu, maana baba hakuwaamini hata kidogo. Siku ya kwanza askari mmoja mrefu alipokea kibuyu changu kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa alichuchumaa vumbini na magwanda yake, akapiga makofi polepole, pa, pa, pa. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa yake. Mimi sikucheka. Sikuwahi kumwona mwanamume akichuchumaa mbele ya msichana kwa sababu ya maziwa.

"Kwetu ndiyo asante," akaniambia kwa Kiswahili chao cha kambini, kifupi kama amri. Nikampenda palepale, sioni sababu ya kuzunguka.

Alipomtuma shangazi kwa baba kuniposa, jibu lilitoka kabla shangazi hajakaa vizuri.

"Hapana."

"Kaka, mtu ana ng'ombe."

"Ng'ombe hununuliwa mnadani," baba akasema. "Mjomba hanunuliwi mnadani. Mwanangu akipigwa huko Nyasa nitamshtaki kwa nani? Akifa, nani atakuja kuniambia?"

Msimwone mbaya. Kwetu binti haolewi na mwanamume peke yake, anaolewa na ukoo. Wazee wa pande mbili hukaa, wakataja mababu mpaka wajuane. Huyu wangu hakuwa na mjomba wala mzee hata mmoja wa kumsemea.

Basi akaja kujisemea mwenyewe. Alimwamkia baba shikamoo, hapo vizuri, kisha akachuchumaa na kuanza makofi yake. Loh! Macho ya baba yaligeuka mekundu. "Ananishangilia? Mimi ni ngoma?" Akachukua fimbo yake akaenda zizini. Mama alijifunika uso kwa kaniki, na mimi najua alikuwa anacheka.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye siku zake za mapumziko akaanza kuja na jembe. Hakuitwa, hakuombwa. Alibeba samadi kutoka zizini mpaka shamba la mama la uwele, akalima mpaka jua likamchoma shingo. Majirani walisimama njiani kutazama. Kwetu anayelima kwa wakwe ni yule asiye na kitu, anayetafuta mke kwa huruma.

"Unaniaibisha," nikamwambia. "Mchumba halimi kwa wakwe."

Akashangaa kweli. "Nisipolima, mama yako atajuaje kwamba si mvivu?"

Nikadhani ni maneno matamu tu ya askari, nikaenda zangu.

Vita vikaisha. Ikatangazwa kwamba kambi inavunjwa na malori yatawarudisha Nyasa. Sasa hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuniuma sawasawa. Katika ukoo wetu binti anapoondoka, baba yake hujaza maziwa kinywani na kumpulizia kifuani, ili huko aendako asikauke. Aliyeondoka bila maziwa ya baba hana njia ya kurudi. Akifiwa na mama yake, atalilia ugenini.

"Ukimfuata yule," baba akaniambia, "maziwa yako nitawapa ndama."

Nililia mpaka sauti ikaisha, kisha nikafunga nguo zangu. Ndiyo, nilizifunga. Nilitaka vyote viwili, mume na maziwa, lakini kama ni lazima kimoja, nilikuwa naenda. Mama aliuona mzigo mlangoni. Hakuugusa. Alikwenda kwa baba, yeye ambaye mwaka mzima hakutia neno, akamwambia, "Umemkataa huyu mtu mpaka umechoka. Hujamuuliza swali hata moja."

Asubuhi baba akamwita. Mama, shangazi na mimi tukakaa kando.

"Binti yangu utamweka wapi?" baba akauliza.

Askari alimtazama baba, akanitazama mimi, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Nimweke wapi tena, baba? Si hapahapa? Kwetu mwanamume ndiye anayehama. Hulima shamba la mama mkwe, wakiona anafaa, anajenga. Nimeshalima. Kambini nimeomba niachiwe hukuhuku. Nilikuwa nangoja unionyeshe mahali pa kujenga."

Mimi nilijua naondoka, yeye alijua anabaki, na kila mmoja aliona ni jambo la wazi mno, halina haja ya kusemwa.

"Mama yangu wee!" shangazi akapiga kelele. "Kumbe bibi harusi ndiye huyu!"

Tulicheka wote isipokuwa baba.

"Mama yako yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai, baba."

"Anajua kwamba hurudi?"

Askari akainamisha kichwa. "Hajui."

Baba akaagiza maziwa. Nilisimama mbio, nikashusha kaniki mabegani, machozi yananitoka, nikajipanga mbele yake. Akanisogeza kwa kiganja.

"Kaa kando wewe. Unakwenda wapi?"

Akajaza maziwa kinywani, akampulizia yule askari kifuani, juu ya vifungo vya magwanda yake.

"Uliyetoka kwa mama yako ni wewe," akamwambia.

Mume wangu alichuchumaa ili ashukuru. Aliinua viganja vyake, vikabaki hewani, havikukutana. Baba alimtazama kidogo, kisha akashika fimbo, akashuka polepole mpaka naye akachuchumaa, magoti yakilia, akaiweka fimbo chini, akampigia makofi yeye. Pa, pa, pa.