Kopo Jipya la Klorini

Mjukuu wangu kaniganda kama kupe: bibi andika, bibi andika. Haya, naandika. Anayetaka kucheka herufi zangu na acheke akiwa kwao.

Nilikuwa dobi wa hospitali. Tulifua wawili, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mwaka ule ugonjwa wa kifua ulioenea dunia nzima ulijaza wodi hadi barazani, na humo humo ikaingia homa ya kutoka damu. Wagonjwa wa homa wakatengwa chumba cha nyuma. Shuka zao ziliroweshwa kwanza kwenye maji ya klorini, na mchanganyaji ni mimi: vijiko vitatu kwa ndoo. Nesi aliyekuwa akinisomea makopo alihamishiwa kwa wagonjwa wa kifua. Glavu mpya nazo zikaenda huko huko. Sisi tulifua kwa zile zile kuukuu.

Siku moja likaja kopo jipya.

"Mama, umesoma maelekezo?" akauliza mtu wa stoo. "Hili si kama lile."

"Nimesoma. Kwani mimi kipofu?"

Nikatia vijiko vitatu. Wifi akainamia ndoo.

"We wifi, mbona maji yako leo hayanuki?"

"Pua yako ndiyo imezeeka. Fua huko!"

"Haya, bosi." Akacheka, akazamisha mikono. Glavu yake ya kushoto ilikuwa na tundu.

Siku ya tisa akalazwa chumba kile kile. Nilimwona kwenye kioo cha mlango tu, akanipungia mkono ule ule wa kushoto. Hapo ndipo nilipomwendea daktari nikamwambia: sijui kusoma. Ndoo zote zikamwagwa, vijiko vikachorwa ukutani. Wifi akafa. Baada yake hakuugua mwingine.

Homa ilipokwisha nikapewa cheti cha shukrani. Kiko chini ya godoro, sikitaki machoni. Herufi nimejifunza uzeeni, na maneno ya kwanza kuyasoma mwenyewe ni ya kopo lile: vijiko sita. Hadi leo, nikifua hata leso, namsikia begani: wifi, mbona hayanuki? Namjibu, hayanuki, umesema kweli. Hacheki tena.

Wewe uliyesoma hadi hapa, inuka. Chukua dawa iliyomo nyumbani kwako, umsomee kwa sauti yule anayesema ameshasoma. Akikasirika, msomee tena.